Kitundu cha Duane Kwenye Kioo

Wasikilizaji wapendwa, leo nimekaa hapa nikiwa na hasira, na sitaificha. Tunamkumbuka Arlys Tollefson, aliyevusha watoto wa shule Mtaa wa Sita kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, na hakuna mtoto aliyepata hata mchubuko.

Asubuhi za Januari Arlys hakutazama magari. Alitazama vioo. Mnaijua tabia yetu. Barafu imefunika kioo cha mbele, mtu anakwangua kitundu cha ukubwa wa kisahani, anaondoka akichungulia. Eti joto la gari litayeyusha iliyobaki njiani. Arlys alitembea na kikwangua barafu mfukoni. Akimwona mtu wa kitundu alimsimamisha, akamkwangulia mwenyewe, huku akimsema.

Jirani yake, Duane Rustad, alisimamishwa mara tatu msimu huu wa baridi. Mara ya mwisho Karna, binti yake Arlys, alikuwepo.

“Duane, kioo kizima umenunua, mbona unatumia kitundu?”

“Na wewe mama! Kazini kwangu ni hapo tu.”

“Hapo tu ndipo watoto walipo, baba.”

Siku hiyo Arlys alimnunulia Duane kikwangua kipya, akamrushia kwenye kiti cha gari.

Jumanne iliyopita, saa mbili na robo asubuhi, jua lilimpiga Duane usoni kupitia kitundu kilekile. Arlys alikuwa katikati ya barabara, koti la manjano, kibao cha kusimamisha magari juu. Duane hakumwona, akamgonga. Watoto sita walikuwa bado ukingoni, kwa sababu Arlys hutangulia peke yake. Siku zote alitangulia peke yake.

Watu wanasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Duane hakulewa, hakukimbiza gari, hakushika simu. Tumezoea kuuliza hayo matatu, tukiyakosa tunamwachia Mungu. Alichokosa Duane ni kuona, na kuona kulihitaji dakika tatu. Na nusu yenu mnaonisikiliza mko barabarani sasa hivi, mnachungulia.

Karna, pole sana wewe na wanao. Wengine, egesheni. Kwangueni kioo chote, na taa.

Jana polisi walimwonyesha Karna kikwangua kilichokuwa kwenye kiti cha Duane. Alikitambua mara moja. Akaniambia, “Bado kina karatasi ya dukani.”