Kwa Nini Leo Hamtasikia Sauti ya Fanuel

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Ni mimi Tufaha, niko hapa Karama, kwenye chumba chetu cha redio juu ya mkahawa. Mkisikia sufuria zinagongana huko chini mtatuwia radhi, hiyo ni biryani ya watu.

Leo tunamkumbuka Fanuel Amukoya. Fanuel Amukoya, mzaliwa wa Kitale, Kenya, mtunza farasi hapa Dubai. Ametutoka mwezi wa nane. Desturi yetu mnaijua: tukimkumbuka mtu, kama sauti yake tunayo, tunaiweka mumsikie mwenyewe. Sauti ya Fanuel tunayo, na leo hatuiweki. Sababu nitawaambia.

Fanuel alikuja mjini hapa kuwa mlinzi. Alisimama mlangoni mwa jengo moja kule Jumeirah Lakes Towers, good morning sir, good evening madam, kutwa nzima. Siku moja ya mapumziko wenzake wakamwambia, twende Meydan tukaone mbio za farasi, kuingia bure. Alikwenda kwa ajili ya hilo neno bure, alikiri mwenyewe.

Msimu uliopita alikuja hapa studio kutusimulia uwanja ule. Akaniambia, "Dada Tufaha, lile jukwaa ukianza kulitembea umeshiba, ukifika mwisho una njaa." Na kweli, wasikilizaji, jukwaa la Meydan lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na paa lake limepinda kama mwezi mwandamo. Sisi tuliozaliwa hapa tunaukumbuka uwanja wa kabla yake, Nad Al Sheba. Marehemu baba alikuwa akitupeleka na chupa ya chai. Kombe la Dunia la Dubai lilianzia pale Nad Al Sheba, mwaka wa tisini na sita. Elfu mbili na kumi ukafunguliwa Meydan, maeneo yale yale. Una njia mbili, ya majani na ya mchanga. Kamari hakuna. Watu wanabashiri bure, na anayepatia huondoka na zawadi. Usiku wa Kombe ukifika, mwezi wa tatu, kofia za mabibi utazikuta kubwa kuliko sinia, na baadaye ni fataki.

Fanuel kofia hakuziona. Kabla ya kila shindano farasi huzungushwa mbele ya watu, kila mmoja na mtunzaji wake ameshika kamba. Fanuel alisimama pale mpaka wenzake wakamwacha. Kwao alikuwa amelea punda wa kubebea maji wa bibi yake. Akasikia mtu anasema Kiswahili kwenye simu, akamfuata, akamwomba kazi. Mtu huyo alikuwa Soud, mtoto wa mamkubwa wangu, sisi sote wazaliwa wa mtaa wa Al Twar hapa hapa Dubai. Soud ni msimamizi wa watunzaji kwenye mabanda ya arbab mmoja, tajiri mwenye farasi, ambaye jina lake siliweki hewani.

Soud alimpa kazi, na farasi mmoja mwekundu, mkorofi, mwenye jina refu la Kiarabu. Fanuel akamwita Jirani, kwa sababu chumba chake na banda la farasi vilipakana. Kila asubuhi kabla hajaingia husimama mlangoni akapiga hodi. "Hodi, Jirani." Farasi hukoroma, ndipo yeye huingia. Akisema "lete mguu," mguu unaletwa. Akisema "sogea kidogo, mzee," anasogezewa. Watunzaji wengine wote pale ni watu wa Kiurdu, walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Soud hakucheka. Alimwambia, mfundishe Kiurdu huyo, wewe utaondoka na yeye atabaki. Fanuel akamjibu kwamba Kiurdu chake kinatosha kuomba chumvi tu.

Basi mwezi wa nane, joto lile mnalijua, Fanuel akaanguka akitoka kuoga. Moyo. Hospitali walifanya walichoweza. Khalas. Tukachanga, mwili ukasafiri Kitale.

Jirani akaacha kula. Wakamwekea shayiri, karoti, tende. Daktari wa farasi akaja, akapima damu, akasema ugonjwa hauoni. Watu wa Kiurdu wakambembeleza kwa lugha yao, masikini, na kwa machozi. Mwisho Soud mwenyewe akasimama mlangoni, na Kiswahili chake cha Unguja, cha wazee wetu, kilichonyooka, akapiga hodi. Farasi akamtazama, kisha akamgeuzia makalio.

Ndipo Soud akaja hapa, ana aibu kama mkwe. "Da Tufaha, ile sauti ya Fanuel, nipe." Nikampa. Na nikaenda naye, nilitaka kuona.

Soud aliweka simu kwenye ukingo wa dirisha. Fanuel akaanza kuongea, anacheka, anasimulia jukwaa refu. Wallahi masikio ya Jirani yalisimama. Akakoroma. Hakuiendea simu, wasikilizaji. Aliuendea mlango. Akatoa kichwa nje, akatazama ule upande wa chumba cha Fanuel, akangoja. Sauti inasema na mlango hauna mtu. Shayiri ilikuwa pale pale hakuigusa. Alianza kuupiga mlango kwa kwato.

Soud akasema, "Zima." Nikazima. Farasi aliendelea kutazama.

Nilimpigia Teresiah, mke wa Fanuel, kumweleza. Akasema, "Huyo farasi amemsikia mume wangu kila siku. Watoto wangu walimsikia Jumapili tu, network ikikubali. Siwezi kumwonea wivu mnyama, lakini namwonea." Akaniomba sauti ile, nikamtumia kwa simu. Huko Kitale watoto wanaicheza.

Hapa siichezi. Watunzaji wa mabanda yale hufungua redio hii saa hizi, Soud ameniambia, na dirisha la Jirani liko karibu. Kwa hiyo maneno yote ya Fanuel leo nimeyasema mimi. Jirani anakula kidogo, siku nyingine hali. Msimu unaanza na hatakimbia. Arbab bado hajaamua atampeleka wapi, na sisi hatuna sauti katika hilo.

Teresiah, watoto, na bibi huko Kitale, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye mtu wake mbali ampigie leo, angali ana sauti ya kumjibu. Mengine sijui niwashauri nini.

Na wewe, Jirani. Redio iko wazi hapo, na Kiswahili unakijua. Pole.