Mzee Dari na Kona Iliyobaki Kavu

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mzee Dari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitinda mimba wa mama fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu kuwa fundi bomba mwaka 1978.

Kazi yake ilikuwa kufunga vinyunyizio vya moto majumbani, vile vichwa vidogo vya ukutani, karibu na dari, vinavyomwaga maji chumba kikishika moto. Akiingia kwa mtu, kabla hajasalimia macho yalishafika darini, ndipo jina likamganda. "Maji hayakati kona," alizoea kusema. Nguzo au kabati likijitokeza karibu na kinyunyizio, nyuma yake panabaki pakavu.

Alifunga ndoa mwaka 1984. Siku ya kujitambulisha ukweni, wazee wakisubiri aseme shida yake, alikohoa akasema, "Baba, hilo kabati mngelisogeza kidogo. Limeziba kinyunyizio." Mkwe akauliza kama amekuja kuposa au kukagua. Watu walicheka mpaka machozi; mchumba wake alitamani ardhi ipasuke. "Umeniaibisha," alimwambia njiani. "Kwenye nyumba za watu, hata ukiona, nyamaza." Aliahidi, na kwa bahati mbaya ahadi hiyo aliishika.

Mwaka 2009 kaka yake alijenga kabati hadi darini katika chumba cha mama yao, kando ya kinyunyizio ambacho marehemu alikifunga mwenyewe. Wageni walilisifu. Marehemu aliliona, akalisifu pia. Haukupita mwaka, umeme ukazua moto upande wa pili wa kabati. Maji yalitoka, yakagonga ubavu wa mbao, na kona yenye kitanda haikupata hata tone. Mama aliokolewa, lakini miguu iliungua na hakutembea tena.

Lililomtesa marehemu zaidi ni sifa. "Bila kinyunyizio cha mdogo wangu tungezika," kaka alitangaza mbele ya ndugu. Marehemu aliona haya hadi chakula kikamshinda. Kila Jumapili alimkanda mama miguu, macho chini, na mama akadhani ni upole. Mama alifariki bila kuambiwa ukweli.

Mwaka jana marehemu aligundulika ana saratani ya ini. Wodini alimwita kaka yake.

"Kaka, lile kabati niliona kosa lake tangu mwanzo."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Niliona aibu kukukosoa mbele ya wageni."

Kaka alichukua kofia yake, akaondoka, hakurudi. Marehemu alifariki Jumanne asubuhi, akiwa ameagiza haya yasomwe bila kupambwa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu na kaka huyo mmoja. Jana kaka aliletewa karatasi hii aondoe asiyoyataka. Aliisoma, akalia. "Msifute kitu," alisema. "Ila ongezeni kwamba siku ile nilimwona akilitazama kabati langu. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua atasema nini."

Mungu ampe marehemu pumziko alilojinyima mwenyewe.