Dobi Aliyeuliza "Ya Nini?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa saa hii hakuna mtangazaji anayesikilizwa kunishinda mimi. Kwa saa hii pia redio yetu haina mtangazaji mwingine, na fundi mitambo wangu amesinzia. Tuendelee.

Leo tunamkumbuka dobi wa mtaa wetu, aliyetutoka wiki iliyopita. Wengi mlimjua kwa jina la Ya Nini. Alikuwa mke wa kaka yangu, kwa hiyo ni wifi yangu, na nitasema kweli kama alivyopenda mwenyewe: alinichosha. Alinichosha akiwa hai, na sasa amekufa, bado ananichosha.

Jina hilo alilipata hivi. Ukimwambia samahani, anakuuliza, "Ya nini?" Samahani tupu hapokei. Siku moja kaka yangu alichelewa kurudi, chakula kimeshapoa.

"Samahani, mke wangu."

"Ya nini?"

"Ya kuchelewa."

"Na mimi, ulipochelewa, nilipatwa na nini?"

Kaka akafikiri mpaka usingizi ukamchukua pale pale kitini. Asubuhi akajibu, "Ulikaa dirishani." Ndipo akapewa chai.

Watoto wake wawili walilelewa hivyo hivyo. Mkubwa ni binti. Mdogo ni wa kiume. Walikulia chini ya meza ya pasi, katikati ya mvuke na mashuka ya watu. Wenzao wakikosa wanachapwa, yanaisha, wanarudi kucheza. Hawa wakikosa wanahojiwa. Binti alishawahi kunililia kabisa: "Shangazi, mwambie mama anichape tu."

Sasa nisikilizeni kuhusu gauni, maana yote yanatoka hapo.

Lililetwa gauni la bibi harusi, satini nyeupe, lipigwe pasi. Wifi akatoka kupeleka vitambaa vya meza hotelini. Aliporudi, akakuta gauni limeungua begani. Binti yuko uani anaanika. Kijana hayupo. Wifi hakupiga kelele. Alifunga mlango, akakata mabega yote mawili, akatia lesi kulia na kushoto. Narudia, mabega yote mawili, ili yafanane. Lililoungua lilikuwa moja. Lipi, hakumwambia mtu, hata mimi. Kijana aliporejea jioni, gauni limeshatundikwa, zima. Akasema ametoka mpirani, hajui kitu, na pasi aliiacha mikononi mwa dada.

Wifi akamwambia mwenye gauni, "Limeungulia dukani kwangu, kosa ni langu." Lakini mtaa ulikuwa umeshaokota neno la kijana. Kuanzia hapo wateja wakawa wanasema, "Nguo yangu asiiguse binti yako." Binti akaacha pasi. Mpaka leo, mtu mzima na watoto wake, yeye ni kufua na kuanika huko nyuma. Pasi hashiki.

Nilimwendea wifi.

"Unajua ni nani?"

"Najua."

"Basi si umwambie, mwenzake apumue?"

"Nikimwambia mimi, atanibishia mimi. Wifi, mtoto anaanza kwa kuogopa fimbo. Akikua kidogo, anaogopa majirani. Huyu nataka afike pale ambapo hakuna anayemwona, na bado nafsi yake inamkataza."

"Na dada yake je? Afue mpaka huyu afike?"

Akaipitisha pasi juu ya kola mara ya pili, wakati ilikuwa imeshanyooka. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi," akasema. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Wasikilizaji wapendwa, nilitamani kuichukua ile pasi nimrushie.

Kijana akakua, akapata kazi, akaoa. Kila akigombana na dada yake alikuwa anampigia mama yake simu.

"Samahani, mama."

"Ya nini?"

"Basi tu. Ya yote."

"Ya yote sina pa kuiweka, mwanangu."

Kijana anakata simu. Anakaa, anakaa, anapiga tena, yale yale. Nami namwambia wifi, utakufa unasubiri. Na kwa ubishi aliokuwa nao, akafa kweli.

Kaka yangu alishatangulia siku nyingi. Kwa hiyo Jumamosi hii wadogo zake, yaani kaka zangu wengine, wanakutana kuamua duka achukue nani. Wengi wanamtaka kijana. Binti, wanasema, ana mkono wa kuunguza. Wanaume wazima, wamevaa mashati aliyoyafua yeye.

Familia yangu, poleni. Najua marehemu angeniuliza, pole ya nini? Pole ya pasi iliyopoa. Pole ya dirisha lisilo na mtu. Nanyi mlio majumbani, mkimaliza kunisikiliza, kila mmoja aitazame ile samahani yake anayozunguka nayo, aone ndani yake kuna kitu au ni karatasi ya kufungia.

Nawaachia sauti za watoto wake. Niliwarekodi jana, sebuleni kwa mama yao. Kijana alinisihi kabla hatujaanza, "Shangazi, maneno yangu kuhusu mama usiyakate, hata neno moja." Sijakata.

"Mama alikuwa na subira," anasema kijana. "Siku ile gauni lilipoungua mimi sikuwepo, nilikuwa mpirani. Lakini mpaka leo naliona lile doa. Bega la kushoto, rangi ya kahawia, ncha ya pasi imeelekea shingoni. Mzazi mwingine angepiga mtu. Mama hakumgusa dada hata kidogo."

Hapo mnasikia kikombe kikiwekwa mezani. Ni binti huyo.

"Mdogo wangu," anasema, taratibu. "Mimi niliyekuwa uani niliona lesi tu. Wewe uliyekuwa mpirani, hilo doa ulilionea wapi?"

"Si… mama alinionyesha."

"Mama alishalikata kabla hujarudi. Au ulirudi saa ngapi?"

Kiti kinasogea.

"Shangazi," anasema kijana, "hapo pakate."