Mwongozo wa Ruti na Sauti ya Bibi Rozi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Baba Mchungaji, uliyetufungulia kwa sala, waheshimiwa madiwani, wazee wetu mlioshuka kutoka Ibaba na mliopanda kutoka Kamsamba, ndugu zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Nakonde, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: karibuni Tunduma, karibuni Hifadhi ya Sauti, na poleni na foleni ya malori.

Mimi Leah, msimamizi wa nyumba hii, nimepewa nafasi nieleze kwa nini tumewaita watu wazima na heshima zao kuja kuzindua mwongozo wa programu ya kompyuta. Najua wapo waliosoma kadi ya mwaliko wakanong'ona kwamba hawa wamekosa la kusherehekea. Nisikilizeni kwanza, halafu mtacheka au mtapiga makofi, vyote ruksa.

Hapa tunatunza sauti. Kinyiha, Kinamwanga, Kindali, Kilambya, Kisafwa: mtu akija na hadithi, au wimbo wa kupandia mahindi, au namna mama yake alivyobembeleza watoto, tunamrekodi. Na kwa kuwa mashine nazo hufa kama sisi, kila usiku kompyuta yetu hunakili rekodi zote kwenda kwenye mashine nyingine iliyoko Vwawa, kisha huandika taarifa ya kazi hiyo, kipi kimefika na kipi kimegoma. Pasipo nakala hiyo, mashine ya hapa ikiungua, sauti imekwenda, na mwenye sauti pengine tulishamzika.

Taarifa hizo zikawa nyingi kuliko macho yetu. Ndipo vijana wetu wakatengeneza programu inayowawezesha mawakala wa akili unde kuzikagua. Nikisema wakala hapa Tunduma, nusu yenu mnawaza forodha na nusu mnawaza kutoa pesa. Huyu si huyo. Huyu ni programu inayosoma na kujibu kama mtu, na tumemruhusu kusoma tu: ghala analiangalia kupitia dirishani, ufunguo hapewi. Lakini wakala huyu ni mgeni. Mila za nyumba atazijuaje asipoandikiwa?

Mwongozo wa kwanza uliandikwa na kamati, na mnazijua kamati. Ulimwagiza atazame jibu lililo mwanzoni mwa kila taarifa. Akatii. Kila asubuhi akatuambia nakala ziko salama, nasi tukanywa chai.

Baadaye kazi ya kuandika mwongozo kamili akapewa Ruti, mhandisi wetu wa programu, binti wa Mbozi, huyo anayejificha nyuma ya mwenzake Rabson. Simama mama, usituaibishe. Ruti alihitaji mfano wa taarifa nzuri wa kuweka kwenye ukurasa. Wenzake wakamwambia atunge tu, mfano ni mfano. Akakataa. "Dada Leah, siwezi kumfundisha mtu kwa kitu ambacho hakijatokea," aliniambia. Akachukua taarifa halisi, akaisoma hadi chini.

Iliandikwa hivi: "Nakala zimekwenda vizuri. Rekodi zimefika Vwawa. Ila za Ibaba."

Mnacheka kwa sababu mnajifahamu. Nani kati yetu akiulizwa habari za nyumbani huanza na msiba? Nilikutana na mzee mmoja karibu na Mbozi Mission, nikamuuliza habari. Nzuri tu, akasema, kahawa imechanua, watoto wanasoma, ila nyumba imeungua. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba humtwishi mtu jambo zito kabla hajavuta pumzi. Na Rabson, aliyetunga maneno ya taarifa zile, ni mtoto wetu, akaifundisha kompyuta adabu za kwao.

Na ila hiyo ilikuwemo kila usiku; kwa hiyo rekodi za Ibaba hazikuwahi kuwa na nakala. Na humo ndimo alimokuwa Bibi Rozi, msimuliaji wa Kindali ambaye sijasikia wa kumfikia, aliyetutoka masika yaliyopita. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu hapa duniani, kwenye mashine iliyokuwa imeshaanza kukoroma.

Ruti hakumsema mtu. Yeye na Rabson walitengeneza palipoharibika, wakanakili za Ibaba upya, wakazifungua na kuzisikiliza ili wajue kweli zimefika. Kisha akaandika aya ambayo naomba niisome: "Wakala, taarifa hizi zimeandikwa na watu wa Songwe. Hapa habari njema hutangulia kwa heshima. Usijibu kabla hujafika mwisho. Ukikuta neno ila, jambo lenyewe linaanzia hapo. Usipoelewa, sema hujaelewa, kisha waite watu."

Mshauri mmoja kutoka Dar es Salaam alitutaka tuifute, tubadilishe tu maneno ya Rabson. Ruti akamjibu kwa upole kwamba taarifa za kesho zitabadilishwa, lakini za miaka iliyopita zitabaki zilivyo, na wakala lazima azisome nazo. Mimi nilitamani kushangilia, cheo kikanizuia.

Haukupita muda mrefu, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine ya hapa ikafa.

Siku chache baadaye akaja Mzee Ipyana, mume wa marehemu, huyu hapa mstari wa mbele. Aliomba jambo moja, amsikie mkewe. Ruti akamketisha, akamvalisha vipokea sauti, akafungua nakala ya Vwawa. Bibi alikuwa katikati ya hadithi, mara akaikatisha, akasema kwa Kindali chake: "Ipyana, mbuzi wameingia kwenye mahindi, na wewe umekaa tu." Mzee wetu akainuka kwenye kiti, akaanza kutafuta fimbo.

Kisha akaketi. Akalia, akacheka, akaomba irudiwe.

Ruti, najivunia wewe mbele ya watu wote hawa, na sitatafuta neno dogo zaidi. Mheshimiwa mgeni rasmi, mwongozo uko mezani, unakungoja. Ndugu zangu, mimi mmenisikiliza vya kutosha, nami nawashukuru. Sasa, kwa ruhusa ya Mzee Ipyana, msikilizeni mkewe.