Rodica, Wifi Aliyepekuliwa Sanduku

Marehemu Rodica Caldararu Mrutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Romania, mtoto wa tatu wa fundi wa masufuria ya shaba. Alikuwa Mroma. Neno hilo moja limezua ugomvi wa siku tatu nyumbani kwa wafiwa, kwa sababu mumewe, Elisante, hakutaka lichapwe. "Pasipoti inasema Mromania, inatosha," alisema. "Andika hivyo, khalas, tuzike." Edna, dada wa Elisante, aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu, alikataa, na sababu zake zimo humu.

Kwa wasiojua, Waroma ni watu walioishi Ulaya karne nyingi, wenye lugha na mila zao, na karibu kila nchi huwatazama kama wageni walioingia jana. Huko Romania mababu zao walikuwa watumwa, wakiuzwa na kununuliwa, hadi katikati ya karne ya kumi na tisa. Hata leo Mroma akiingia dukani, mlinzi huanza kutembea nyuma yake. Elisante, ambaye ni mlinzi Silicon Oasis, hapa Dubai, amekiri kwamba mwendo huo anaujua.

Rodica alianza shule mwaka 1988. Alikalishwa dawati la nyuma pamoja na watoto wenzake wa Kiroma, kisha wote wakahamishiwa darasa la wanaodhaniwa wazito wa akili. Rodica hakuwa mzito wa chochote. Miaka mingi baadaye Kiswahili cha kugombana alikijua ndani ya miezi sita, na Edna ni shahidi. Alisoma hadi darasa la sita, akaondoka kumsaidia baba yake kuuza masufuria sokoni.

Aliingia Dubai Oktoba 2009, akawa msafishaji wa vyumba katika hoteli moja. Msimamizi wake alitoka nchi hiyohiyo ya Romania, na alipolisikia jina la ukoo tu akamjua ni nani. Saa ya mgeni ilipopotea, hakuulizwa mtu mwingine. Rodica alipekuliwa mpaka soksi mbele ya wenzake. Jioni mgeni aliikuta saa ndani ya kiatu chake mwenyewe, wala hakuna aliyemwomba Rodica radhi. Tangu hapo aliyemuuliza kwao ni wapi alijibiwa "mbali". Alihamia kampuni moja ya dobi kule Jebel Ali, na huko alifanya kazi hadi alipougua.

Alifunga ndoa na Elisante tarehe 7 Juni 2014 hapahapa Dubai, baada ya kumwambia siri yake na kumwapisha asiitoe. Binti yao, Ivy, alizaliwa Agosti 2016. Wazazi wa Elisante kule Usangi, Tanzania, walitumiwa picha za harusi, wakauliza watu wa bibi harusi wako wapi. Hakuwapo hata mmoja. Penye moshi hapakosi moto, wakasema.

Basi Edna alipofika Januari 2018 kuishi nao Jumeirah Village Circle, alikuwa na kazi mbili, ya mgahawani na ya upelelezi aliyotumwa na mama. Alikuta mabeseni matatu ambayo hayakuchanganywa kamwe: la vyombo, la blauzi na mashati, na la sketi, suruali na nguo za ndani. Wiki ya kwanza Edna, kwa kutojua, aliloweka sketi yake katika beseni la vyombo. Rodica alilitupa beseni lile pamoja na sahani zake zote.

"Kwa hiyo mimi ni najisi?" Edna aliuliza.

Rodica hakujibu, maana kueleza mila kungekuwa kujitaja. Edna akapiga simu nyumbani kwamba kaka ameoa mwenye dharau, au mchawi. Jirani yao Joha, mzaliwa wa Unguja, alimcheka. "Huyo ana twahara zake, mwanangu. Hata sie tunazo. Muulize basi, kumpeleleza kwani?" Edna hakuuliza.

Aprili 2021 herini za dhahabu za Edna zilipotea. Alingoja Rodica aende kazini, akalivuta sanduku lake uvunguni, akapekua mpaka chini. Hakukuta kitu. Alirudisha nguo zote, akazikunja vizuri. Siku tatu baadaye herini zilitoka kwenye mfuko wa sare yake mwenyewe, na Edna akanyamaza, akishukuru kwamba hakuna aliyemwona.

Novemba 2023 Rodica alikutwa na saratani ya titi. Uvimbe alikuwa ameuficha karibu mwaka mzima, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Edna alichukua likizo, akamuuguza. Mchana mmoja hospitalini, akiwa anamnywesha uji, mgonjwa alimuuliza:

"Wifi, ulipopekua sanduku langu, ulipata?"

Edna alitaka kukana.

"Uliweka sketi juu ya blauzi," Rodica alisema. "Kwetu sisi Waroma, nguo ya chini haigusi ya juu. Nilifua zote upya. Nikasema, yalla, hata huku napekuliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hotelini niliwaambia mimi si mwizi, mara mia. Nani alisikia?"

Edna alilia na kuomba radhi. Rodica alimwambia anyamaze, uji unapoa, kisha akatoa ombi lake: "Nikifa, useme mimi ni nani. Elisante ataogopa. Wewe humwogopi mtu, hata adabu huna."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kaka yake, Costel, alifika Jumanne kutoka Romania na begi moja dogo. Hata hapo watu walianza tena. Alfred, baba mdogo wa Elisante, aliuliza huyu amefuata nini, na mtu mmoja akaupeleka chumbani mkoba wa marehemu. Costel alipoambiwa achague kumbukumbu katika vitu vya dada yake, alikataa. Kwao vitu vya marehemu havichukuliwi. Aliomba kuonyeshwa mwili ulipohifadhiwa, basi. Edna aliona haya, na anaona hata sasa.

Rodica ameacha mume, Elisante, binti, Ivy, mwenye miaka minane, kaka, Costel, aliye hapa mbele yetu, mama mkwe aliyeko Usangi, wifi, Edna, na ndugu wengine huko Romania ambao hatukuwahi kuuliza majina yao.

Jana Ivy alimuuliza baba yake kama akirudi shuleni aseme mama yake alikuwa nani. Baba yake alinyamaza. Shangazi yake anamjibu leo, hapa kaburini, mbele ya baba huyohuyo: sema, mwanangu.

Lala salama, Rodica, binti wa Kiroma.