Tano ya Mwalimu Editha

Wasikilizaji wapendwa, leo mniwie radhi, sina upole. Mwalimu Editha Mkude tumemzika juzi kwao Mgeta, na barua yake haijajibiwa. Narudia: miaka minne, haijajibiwa.

Alinifundisha fizikia hapa Mwembesongo. Siku ya somo la chaji za umeme alifunga kanga mbili kwenye kiti. Zuleha, mwenzangu darasani, akavuta kuelekea mlimani. Mimi nikavuta kuelekea njia ya Dar.

"Kiti kimekwenda wapi, bwana mshairi?"

"Katikati, mwalimu."

"Basi na chaji ni hivyohivyo. Mbili zikivuta ya tatu, kila moja upande wake, usijumlishe kama mafungu ya nyanya. Chora mishale kwanza!"

Ukaja mtihani wa majaribio. Chaji moja inavutwa na mbili: huku kwa nguvu ya nyutoni tatu, kule nyutoni nne, katikati nyuzi tisini. Zuleha alichora mishale, akapata tano. Mimi, kwa haraka zangu, nikajumlisha. Saba. Na mwongozo wa kusahihisha nao ukasema saba! Zuleha sifuri. Mimi alama zote, na nafasi ya kwanza.

Mwalimu akawaandikia watungaji wa mtihani. Akaniita. "Zuleha wataona analilia alama. Wewe uliyepewa ukisema ni kosa, watasikia. Tia saini."

Nikakataa. Nilikuwa nalinda jina.

"Haya, bwana mshairi," akasema, akaikunja karatasi.

Alikwenda kwenye ofisi ya hao watungaji mara sita. Mara sita, wasikilizaji! Jibu lilikuwa moja: mwongozo ni mwongozo. Mpaka leo shule zinautoa kopi.

Mjomba wake, mzee Lukasi, aliniambia msibani: "Hata wodini aliuliza, wamejibu? Nikamwambia, mwanangu, achana nao. Akasema, mjomba, watoto wa mwaka huu wanafundishwa saba."

Kisha mzee akanipa nakala ya barua. Chini pana jina langu, kwa mwandiko wa mwalimu, na mstari mtupu.

Pole, mzee Lukasi. Poleni nyote wa Mgeta. Zuleha, popote ulipo, nisamehe. Nanyi mnaonisikia, chukueni karatasi mchore. Mshale wa sentimita tatu, mshale wa sentimita nne, katikati nyuzi tisini. Pimeni wenyewe, halafu kila mmoja aitafute saba anayoilinda.

Ule mstari si mtupu tena. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni pa ile ofisi ya watungaji.

Ni tano, mwalimu.