Ufa Ulio Nyuma ya Bango la Karibu

Mgeni wetu rasmi Baba Padri Thadei, ambaye ni msimamizi wa shule za kanisa letu; Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, wazazi na wageni waalikwa: Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu Waislamu tulio nao hapa, asalamu aleikumu.

Sisi walimu na wanafunzi wa Shule ya Msingi Mtakatifu Kajetani, hapa Mshangano, tunakushukuru kwa kuja kutukabidhi kombe la gazeti bora la ukutani katika kata. Utusamehe kwa kukuketisha juani, mbali na jengo. Sababu utaisikia. Risala hii tumeiandika mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa fupi na ya kupendeza.

CHIMBUKO LA GAZETI

Miaka sita iliyopita tulibaini kwamba watoto wa darasa la pili walikuwa wakikariri kitabu, hawakisomi. Ukifunika picha, wananyamaza. Mwalimu Honorata, anayesoma mbele yako sasa, akashauri wapewe maneno ambayo hawawezi kuyakariri: habari za mtaa wao wenyewe. Tangu hapo, kila Ijumaa darasa la nne huandika kwenye karatasi ya manila habari walizokusanya nyumbani, na kuibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa nje wa darasa la pili. Jumapili wazazi huisoma baada ya misa. Jumatatu husoma wadogo.

MAFANIKIO

Kati ya watoto sabini na mmoja wa darasa la pili, sitini na wanne wanasoma bila kusaidiwa. Timu ya netiboli ya Mwalimu Azizi, aliyehamia kwetu kutoka Nakapanya, ilifika ngazi ya wilaya katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Gazeti halikutaja ushindi tu; timu yetu ya mpira wa miguu nayo haikuachwa. Liliandika: "Golikipa Eric amefungwa mabao matano. Anasema jua lilimpiga machoni. Siku hiyo kulikuwa na mawingu." Liliandika pia: "Ng'ombe wa Mzee Otto amerudi mwenyewe kutoka Bombambili, na amenenepa." Watu wazima walianza kuja kusoma. Wasiojua kusoma walikuja na wajukuu.

KOSA LETU

Mgeni rasmi, gazeti lina kona iitwayo "Shule Yetu". Mwandishi wake ni Hilda wa darasa la nne. Mwezi Machi aliandika: "Ukuta wa darasa la pili una ufa. Kidole changu hakiingii." Mwezi Mei: "Kidole kinaingia." Mwezi Agosti: "Rula inaingia hadi namba sita. Mpira ukigonga ukuta, mchanga unamwagika ndani."

Kila wiki tulimsahihishia mwandiko, tukampa alama nane kwa kumi, tukabandika. Toleo la Agosti ndilo lililoshinda. Tulilisoma sisi, wakalisoma waamuzi, tukapigiwa makofi.

Jumapili moja ya Septemba alikuja Mzee Sixbert, fundi mwashi mstaafu, ambaye amejua kusoma mwaka huu kwa kusimama na mjukuu wake mbele ya ukuta huo. Alisoma kona ya Hilda kwa kidole, neno baada ya neno. Kisha akaingia darasani, akaweka kiganja ukutani, akatoka.

"Mwalimu, hii mmeisoma?"

"Tumeisahihisha, Mzee."

"Sikuuliza hivyo."

Jioni ile tulitoa madawati ya darasa la pili nje.

HOFU YETU

Tangu Jumatatu iliyofuata, darasa la pili wanasomea nje, pembeni mwa uwanja. Mwalimu Azizi amehamisha magoli. Lakini ufa haukusimama. Umepita kona na kuingia darasa la tatu, ambako watoto sitini na wanane bado wamo kwa sababu hatuna pa kuwapeleka. Mwalimu wao, Evaline, hufundisha mlango ukiwa wazi, na amewazoesha kutoka bila kusukumana. Watoto wanadhani ni mchezo. Wanashindana nani atakuwa wa kwanza. Sisi tunahesabu sekunde.

Mvua za Novemba zimekaribia. Asubuhi hii mawingu yalikuwa tayari juu ya milima ya Matogoro. Mvua ikianza, walio nje nao watakimbilia chini ya paa, na paa lililo karibu ni hilo hilo la ukuta wenye ufa.

Ulipotangazwa ujio wako, tulipaka ukuta chokaa ili mgeni asione aibu yetu. Siku ya tatu ufa ulijichora upya juu ya chokaa. Ndipo tukatundika bango la "Karibu Mgeni Rasmi" unaloliona pale. Viti tumeviweka mahali alipopima Mzee Sixbert kwa hatua zake: kumi na mbili kutoka ukutani.

MAOMBI

Tunaomba mhandisi aje kabla ya mvua, wala si baada yake. Tunaomba ukumbi wa parokia ufunguliwe siku za masomo, kuanzia kesho, kwa ajili ya madarasa hayo mawili. Na kabla hujatukabidhi kombe, tunaomba bango lishushwe. Mzee Sixbert atalishusha. Hilda ataita namba kutoka hapa tulipo, kwa maana rula haitoshi tena na tumemkataza kusogea. Mzee atapima ufa kwa kamba yake ya uashi, kisha atamletea kamba hiyo aipime kwa rula.

Kona ya "Shule Yetu" wiki hii iko wazi. Hilda amesema hataandika mpaka asikie utakachosema, kwa kuwa hiyo ndiyo habari.

Mungu akulinde katika safari yako ya kurudi, na awalinde watoto hawa hadi kengele ya leo mchana, na ya kesho.

Ni sisi,
Walimu na Wanafunzi,
Shule ya Msingi Mtakatifu Kajetani, Mshangano, Songea